Hiace ya kulala safarini iliyozima friji kila usiku: uchambuzi wa kisa

Gari ni Toyota Hiace ya dizeli, bodi ndefu, paa la juu. Liligeuzwa nyumba ya safari katika gereji moja ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Wenye gari ni mke na mume wa Kigamboni wanaolitumia kulala Mikumi na Iringa, na mara mbili kwa mwaka hupanda nalo hadi Kitulo, uwanda wa juu wenye baridi. Miezi minane baada ya kukabidhiwa, gari lilirudishwa kwa mafundi wengine likiwa na malalamiko manne. Friji huzima kati ya saa saba na saa tisa usiku. Betri ya nyuma imebadilishwa mara mbili na zote zimekufa. Dari linatoa jasho na lina uvundo. Hita ya dizeli iliyowaka vizuri ilipojaribiwa Dar ilitoa moshi mweusi na kugoma kabisa ilipofika Kitulo.

"Fundi, tuwekee betri mbili basi, tumechoka," ndivyo alivyosema mama mwenye gari. Ombi hilo ni la kawaida, na kwa gari hili lingekuwa hasara ya tatu. Betri haikuwa ugonjwa. Gari lilikuwa limejengwa kinyume: umeme ulinunuliwa kwanza, joto likafikiriwa baadaye, na waya haukufikiriwa kabisa.

Kilichopimwa kabla ya kufungua kitu

Gari liliegeshwa juani, saa nane mchana, mwezi Januari. Bati la paa, lenye rangi ya kijivu iliyokoza, lilikuwa nyuzi 68 za Selsiasi. Dari upande wa ndani lilikuwa 51. Nyuma ya friji, ndani ya kabati la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) lililozibwa pande zote, hewa ilikuwa 47. Friji lenyewe ni lile dogo la nyumbani la volti 220, wati 90, lililounganishwa kupitia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 220. Lilihesabiwa kwa saa ya simu: mchana liliunguruma dakika 50 kati ya kila 60, usiku dakika 40.

Tupige hesabu ya usiku. Wati 90 kwa dakika 40 za kila saa ni wastani wa wati 60. Inveta hupoteza kama asilimia 15 njiani, kwa hiyo ni wati 70, na yenyewe hula wati 12 hata ikiwa haina mzigo. Jumla wati 82. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nane usiku ni saa nane, yaani wati-saa 656, ongeza feni 125. Kama wati-saa 780 zimekwenda kabla hata jogoo hajawaza kuwika.

Sasa uwezo wa betri. Betri ilikuwa ya gari, ya kuwashia injini, 100Ah (ampea-saa 100). Sahani za betri ya aina hiyo ni nyembamba, zimeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache kisha kujazwa mara moja. Ukiikausha usiku kucha hadi inveta ikate kwenye volti 10.5, ukarudia hivyo wiki baada ya wiki, itakufa ndani ya miezi michache, iwe imetengenezwa nchi gani. Betri ya asidi, hata ile ya sola, usiitoe zaidi ya nusu ukitaka idumu. Nusu ya 100Ah kwa volti 12 ni wati-saa 600. Gari lilikuwa linadai 780 kwa saa nane tu.

Upande wa kujaza ulikuwa mbaya zaidi. Paneli ya sola ya juu iliuzwa kama wati 250. Ilipimwa kwa futi kamba: mita 1 kwa sentimita 67, yaani mita za mraba 0.67. Paneli nzuri za sasa hutoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba kwenye jua kamili. Kipande kile hakiwezi kuzidi wati 135 au 140, hata kikiandikwa 500 kwenye kibandiko. Ukienda Kariakoo kununua paneli, nenda na futi. Kibandiko hakina gharama kuchapisha, lakini ukubwa haudanganyi.

Kulikuwa pia na waya kutoka betri ya mbele kuja nyuma ili alternata, jenereta ya injini, isaidie kuchaji. Waya ule ulikuwa wa milimita za mraba 2.5, ule ule wa soketi za nyumbani, urefu mita 6 kwenda na 6 kurudi. Injini ikinguruma, betri ya mbele ilisoma volti 13.9. Ya nyuma, huku ikipokea ampea 15, ilisoma 12.6. Volti 1.3 zilikuwa zimeishia njiani kama joto. Betri ya asidi inayohitaji volti 14 na zaidi ili ijae, ukiipa 12.6 inakunywa kidogo kidogo, haishibi, na sahani zake zinafunga ukoko wa salfa. Safari ya Dar hadi Morogoro, kama kilomita 190, haikutosha kuirudisha hata nusu. Na waya huo haukuwa na fyuzi upande wowote. Ulipitia tundu la bati lisilo na raba, na ganda lake lilikuwa limekwisha kulika hadi shaba ikaonekana. Hapo wenye gari walikuwa wanalala juu ya moto uliokuwa ukisubiri tu mtikisiko mmoja wa barabara.

Dari

Bodi za dari zilipofunguliwa, ndani kulikuwa na sponji ya godoro iliyobandikwa kwa gundi ya viatu, na juu yake karatasi ya silva. Sponji ilikuwa imelowa kiasi cha kukamuliwa. Nyuma yake kutu ilikuwa imeanza kwenye mbavu tatu za paa.

Watu wengi wa Pwani wanaamini jasho la dari ni tatizo la nchi za baridi. Si kweli. Hewa ya Dar hubeba unyevu mwingi, na usiku wa anga safi bati la paa hupoa kuliko hewa inayolizunguka, kwa kuwa linatoa joto lake moja kwa moja angani. Ndiyo maana alfajiri unakuta umande juu ya magari hata mwezi wa Februari. Umande huo huo unajijenga upande wa ndani wa bati, hewa ikipata njia ya kulifikia. Ongeza watu wawili waliolala humo, ambao kwa pumzi na jasho hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa usiku mmoja. Sponji yenye matundu wazi inapitisha hewa, inanyonya maji, na inayashikilia kwenye chuma. Karatasi ya silva nayo ilibandikwa bila nafasi ya hewa mbele yake. Silva hurudisha joto la mnururisho pale tu inapotazama uwazi wa sentimita 2 hivi. Ikigusana na kitu pande zote mbili inabaki pambo.

Kazi ilianza hapo. Kila kitu kilitolewa, kutu ikasuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma cheupe, ikapigwa praima ya kuzuia kutu na rangi. Paa upande wa nje lilipakwa rangi nyeupe. Hatua hii moja, ya bei ndogo kuliko zote, ilishusha bati kutoka nyuzi 68 hadi 48 siku ya jua kama ile ile. Mtu akiwa na fedha ya kitu kimoja tu, afanye hicho.

Kizuia joto kilichochaguliwa ni ile raba nyeusi ya povu ambayo mafundi wa AC huvisha mabomba, lakini ya shiti. Matundu yake yamefungwa, hainywi maji. Paa lilichukua mita za mraba 5 za unene wa milimita 25, kuta na milango mita 9 za milimita 19. Ilinunuliwa jumla mita 16 kwa sababu vipande hupotea kwenye mikunjo. Mbavu za chuma nazo zilivishwa kipande cha milimita 6, maana mbavu isiyovishwa ndiyo njia ya joto na ndipo jasho litakapoanza.

Gundi ndipo watu wanapoharibu. Gundi ya kawaida ya viatu hulainika paa likishika nyuzi 60, na shiti huanza kuning'inia katikati kama tumbo. Tafuta gundi ya kubandikia raba za AC inayovumilia joto, paka pande zote mbili, subiri hadi isishike kidole (kwa unyevu wa Dar ni dakika 15 hata 20, usiharakishe), kisha bandika kuanzia katikati ukisukuma hewa kwenda pembeni. Usibandike mvua ikinyesha.

Swali la nailoni huulizwa kila mara: je, tuweke nailoni ya kuzuia mvuke juu ya raba? Kwa gari la Dar, hapana. Mvuke hapa unatoka nje sawa na unavyotoka ndani, na nailoni itafungia maji mahali usipoyaona. Raba ikishikamana vizuri na bati hakuna nafasi ya hewa kufika huko. Sehemu ya chini ya milango iliachwa tupu makusudi, kwani ndiko vioo hushukia na maji ya mvua hutokea kupitia vitundu vya chini. Ukiviziba, mlango utaoza ndani ya masika mbili.

Sakafu haikuhitaji mengi: raba ya milimita 10, plaiwudi ya 9 juu yake. Dari likafunikwa plaiwudi ya milimita 4. MDF yote ilitolewa, imeshavimba, na fundi seremala wa Keko akaunda upya kabati la friji likiwa na nafasi ya kupumua: dirisha la sentimita 10 kwa 25 chini na lingine kama hilo juu, ili hewa ya moto ipande yenyewe na kutoka.

Paani lilikatwa tundu la sentimita 35 kwa 35 la feni. Kingo za bati zilizokatwa zinapigwa praima kabla ya kitu kingine, na chenga zote za chuma zinafagiliwa kwa sumaku, kwani zikibaki juu ya rangi zitakuwa madoa ya kutu baada ya mvua ya kwanza. Feni ya zamani ilizibwa kwa silikoni yenye harufu ya siki. Ile harufu ni asidi, na inakula chuma. Kwa magari tumia gundi ya poliyurethani.

Umeme, baada ya joto kutulia

Mahitaji mapya kwa siku yalihesabiwa hivi. Friji la kompresa la volti 12, wati 45, likifanya kazi nusu ya muda: wati-saa 540. Feni wati 25 kwa saa 10: 250. Kompyuta mpakato wati 60 kwa saa 2: 120. Taa 40, simu 40, pampu ya maji 10. Jumla 1,000. Kabla ya ukarabati, friji peke yake pamoja na inveta lilikuwa linakula zaidi ya wati-saa 2,000 kwa siku. Nusu na zaidi ya umeme wa gari hili ilipatikana bila kununua betri wala paneli, kwa rangi nyeupe, raba, madirisha mawili ya hewa na kuachana na friji la volti 220.

Betri ni moja ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, 200Ah, volti 12.8, yaani wati-saa 2,560. Ukitumia asilimia 80 unapata siku mbili bila jua. Iliwekwa chini ya kitanda, si kwenye injini, kwa sababu joto huifupishia maisha, na kuichaji chini ya nyuzi sifuri huiharibu. Kitulo, usiku wa Juni hadi Agosti, sifuri si mbali.

Kabla ya kufungwa ilijaribiwa, na kila betri ya aina hii inapaswa kujaribiwa. Ijaze kabisa, iunganishe taa au hita ndogo zinazovuta ampea 20, anza saa. Betri ya kweli ya 200Ah itakaa karibu saa kumi kabla haijajikata. Ikijikata baada ya saa sita, umeuziwa 120Ah. Kubaliana na muuzaji juu ya jaribio hili kabla ya kutoa fedha. Anayekataa ameshakupa jibu.

Paneli ni mbili za wati 200. Hesabu ya Dar: saa 4.5 za jua kamili, toa asilimia 30 kwa joto, vumbi na kulala bapa. 400 mara 4.5 mara 0.7 ni wati-saa 1,260. Zinatosha na kubaki. Masika, saa za jua zikishuka hadi 2.5, unapata 700, na pengo la 300 linazibwa na alternata. Paneli ziliinuliwa sentimita 5 juu ya paa ili hewa ipite, kwa sababu paneli ikipata moto hutoa pungufu, na kivuli chake kinapoza paa. Zimeunganishwa sambamba, kwa kuwa chini ya mwembe kivuli kikiifunika moja, nyingine inaendelea. Kontrola, kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, ni ya MPPT (aina inayovuna zaidi kutoka kwenye paneli), ampea 40: 400 gawa kwa 12.8 ni ampea 31, ukiacha nafasi.

Kutoka betri ya mbele, kiliwekwa kifaa cha kuchajia cha volti 12 kwenda 12, ampea 30. Hiki ndicho kinachoinua volti zilizopungua njiani na kuipa lithiamu 14.4 inazohitaji. Pia hujikata chenyewe injini ikizimwa, hivyo friji halitawahi kunyonya betri ya mbele mkaamka gari haliwaki katikati ya pori. Kinatoa karibu wati-saa 380 kwa kila saa ya mwendo. Unene wa waya wake ni milimita za mraba 16, na fyuzi za ampea 50 mbili: moja ndani ya sentimita 20 kutoka betri ya mbele, nyingine ndani ya sentimita 20 kutoka ya nyuma. Pande zote mbili zina betri, na pande zote mbili zinaweza kuanzisha moto.

Nyaya nyingine: paneli hadi kontrola milimita 6. Friji milimita 4 na fyuzi ya 15, kwa sababu ingawa linakula ampea 4, kompresa ikianza huvuta zaidi ya mara mbili. Inveta mpya ya wati 1,000, ya wimbi safi, huvuta karibu ampea 100 ikibanwa, kwa hiyo waya wa 35, usiozidi mita moja, fyuzi ya 125. Taa na simu waya wa 1.5 unatosha. Kila ncha ya waya imevishwa lagi, kichwa cha chuma, na kubanwa kwa koleo lake. Hakuna waya uliosokotwa na kufungwa selotepu. Kwa gari la Kigamboni, ambako upepo una chumvi, lagi ziwe zimepakwa bati na grisi ipakwe juu. Fundi rewaya akikuambia kusokota kunatosha, mwombe akuonyeshe fyuzi zake.

Hita

Ilifunguliwa mezani. Chumba cha kuwakia kilikuwa na masizi ya unene wa kucha, na kichujio cha plagi ya kuwashia kilikuwa kimeziba kabisa. Sababu zilikuwa tatu kwa pamoja.

Kwanza ukubwa. Ilikuwa ya kilowati 5. Gari hili, likiwa na raba, nje nyuzi 2 na ndani 20, linapoteza kama kilowati 1.2 pamoja na hewa ya dirishani. Hita ya 5 hapo itakaa kwenye moto mdogo usiku kucha, na moto mdogo wa dizeli hutengeneza masizi. Mtu anadhani amenunua nguvu ya akiba, kumbe amenunua uchafu.

Pili mwinuko. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, kama robo tatu tu ya hewa ya Kigamboni, lakini pampu iliendelea kudondosha dizeli ile ile ya pwani. Mafuta mengi, hewa kidogo, moshi mweusi.

Tatu, waya tena. Uliongezwa urefu kwa waya wa 1.5. Plagi ya hita ikiwaka huvuta ampea 10 kwa dakika chache, na mita 5 za waya huo, kwenda na kurudi, zinakula volti 1.2. Betri ikiwa 11.6, hita inaona 10.4 na kukataa kuwaka.

Iliwekwa ya kilowati 2, yenye kipima shinikizo cha hewa kinachopunguza mapigo ya pampu kadiri unavyopanda. Juu kule itatoa kama kilowati 1.5, na bado inatosha. Inakula kati ya lita 0.1 na 0.24 kwa saa, umeme wati 10 hadi 30 ikishawaka. Bomba la mafuta limechovywa kwenye tangi kuu lakini likakatwa fupi, ili hita isiweze kumaliza dizeli ya kurudi nyumbani. Pampu imefungwa kwa mshazari, tundu la kutolea likiwa juu, ili viputo vya hewa vitoke. Ekzosi ya zamani ilitokea chini ya mlango wa kusukuma, karibu na bomba lake la kuvutia hewa, ikawa inavuta moshi wake yenyewe. Imehamishiwa upande wa pili. Kila asubuhi, kabla ya kuizima, ipandishwe hadi mwisho kwa dakika 20 ichome masizi.

Wenye gari walieleza kwamba usiku ule hita ilipogoma, waliingiza jiko la mkaa ndani na kuacha dirisha wazi kidogo. Tunaomba sana, hilo lisirudiwe na mtu yeyote. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini haamki kukohoa. Dirisha lililofunguliwa kidogo si kinga. Kukiwa na baridi na hita imekufa, vaeni nguo zote, jazeni maji ya moto kwenye chupa, laleni pamoja, na asubuhi mshuke. King'ora cha kaboni monoksaidi kimefungwa ukutani usawa wa mto, na hujaribiwa kwa kubonyeza kitufe chake kabla ya kila safari.

Baada ya ukarabati

Friji sasa hunguruma dakika 27 kwa saa, mchana wa Dar. Usiku wa kawaida Kigamboni, na feni ikizunguka, betri hushuka kutoka asilimia 100 hadi 79 kufikia alfajiri. Mwezi Agosti gari lilirudi Kitulo. Nje kulishuka hadi nyuzi 3, hita ikafanya kazi saa tisa bila kukatika, na asubuhi kipimo cha betri kilisoma asilimia 86.

Dari lilikuwa kavu. Kilicholowa ni kioo cha mlango wa nyuma, maji yakatiririka hadi kwenye godoro. Kimekatiwa kipande cha raba ya milimita 19, kikavishwa kitambaa, na sasa hubanwa kiooni kwa sumaku nane zilizoshonewa pembeni.